Deni la Msikilizaji

Katika kijiji kama Nanyala, Wilaya ya Mbozi, mpiga ngoma hana jukwaa la kumtenga na wasikilizaji wake. Hupiga uani, jioni, watu watokapo mashambani, na wamsikilizao ni wale wale aliopishana nao njiani asubuhi. Akipiga vizuri hutunzwa kata ya pombe ya ulezi. Akipiga vizuri zaidi hutunzwa ya pili na ya tatu, maana tuzo iliyo karibu na mkono ni ile inayonywewa. Usiku ukiwa mkubwa, na miguu yake ikikataa kumchukua, wale wale waliomtunza humshika mabega wakampeleka kwake, na mkewe ndiye afunguaye mlango. Hapo msikilizaji huonana uso kwa uso na gharama ya furaha yake. Huiona katika jiko lililopoa na katika kimya cha mwanamke yule.

Si mbali na nyua kama hizo hupita njia kuu itokayo Mbeya kwenda Tunduma. Malori yaendayo Zambia na Kongo huacha nyuma yao vipande vya nyimbo za watu ambao hawatafika Nanyala kamwe. Sauti hizo nazo hupendwa, pengine kuliko ya mpiga ngoma wa uani, lakini hupendwa kwa namna nyingine. Azipendaye hamchukui mwimbaji kwake usiku, wala hamjui mkewe. Swali la insha hii huzaliwa katika tofauti ya wapenzi hawa wawili, wa karibu na wa mbali. Mtu akipenda sauti ya mwenzake, na sauti hiyo ikawa inatoka katika maisha yanayojiteketeza, je, anadaiwa nini?

Mfano ulio dhahiri kupita mingine umetoka Ulaya. Mwaka 1982, katika mji wa London, iliundwa bendi iliyokuja kuitwa The Pogues, na baadhi ya vijana wake walikuwa wana wa wahamiaji kutoka Ireland. Walichukua muziki wa kale wa Kikelti, pamoja na filimbi, kodiani na banjo zake, wakaupiga kwa haraka na ghadhabu ya panki, muziki wa vijana waliochoshwa na adabu za wakubwa wao. Mwimbaji na mtunzi wao mkuu, Shane MacGowan, alijulikana kwa mambo mawili ambayo watu hawakuyatenganisha. La kwanza ni tungo zilizowapa heshima wahamiaji, walevi na watu waliosahauliwa. La pili ni pombe na dawa za kulevya, alizotumia bila ya kumficha mtu. Mwaka 1991, bendi ilipokuwa ziarani Japani, wenzake walimwondoa kwa kuwa hakuweza tena kutegemewa. Mwaka 2001 walirudiana, wakapiga pamoja mpaka mwaka 2014. Wimbo wao wa Krismasi, Fairytale of New York, uliotoka mwaka 1987, ungali ukisikika kila Desemba katika Uingereza na Ireland. Alipofariki tarehe 30 Novemba 2023, akiwa na umri wa miaka 65, watu walijipanga katika njia za Dublin kuliaga jeneza lake, na katika kanisa la Nenagh baadhi ya waombolezaji waliinuka wakacheza. Wako wafalme wengi waliozikwa kwa pendo lililo haba kuliko hilo.

Basi watu wale walipenda nini? Majibu matatu hutolewa, na kila moja lina sehemu yake ya kweli.

Jibu la kwanza husema kuwa walipenda kazi, si mtu. Ya kwamba wimbo ukisha kutungwa huwa mali ya wote, na maisha ya aliyeutunga ni shauri lake na Mungu wake. Jibu hili ni safi mno kuweza kuwa kamili. Wapenzi wa MacGowan walizijua nyimbo zake, lakini waliyajua pia meno yake. Kuharibika kwa meno yale kulisimuliwa kama sehemu ya sifa zake, hata mwaka 2015 alipotiwa mengine mapya jambo hilo lilifanyiwa kipindi cha televisheni. Hakuna amsimuliaye seremala kwa meno yake. Ni dhahiri kuwa mtu mwenyewe alipendwa, na kasoro zake zikiwamo.

Jibu la pili husema kuwa watu hupenda ujana wao wenyewe, na mwimbaji ni mlango tu wa kurudia huko. Lugha ya Kiswahili imelifikiria jambo hili kwa jina moja tu, zilipendwa. Jina hilo limo katika wakati uliopita, kana kwamba pendo limekwisha, lakini hutajwa na watu walio katikati ya kucheza. Hata hivyo ujana peke yake hautoshi kuyaeleza yote. Mbaraka Mwinshehe, aliyeng'ara na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Wako wanaompenda leo ambao wazazi wao walikuwa bado watoto siku hiyo. Hawa hawana ujana wa kuukumbuka katika nyimbo zile. Wamependa kitu kilichomo ndani yake.

Jibu la tatu lina uzito zaidi, na hatari zaidi. Husema kuwa mwimbaji wa namna hii huwafanyia wengine yale wasiyothubutu kuyafanya. Karani aliyekaa siku nzima akiitika ndiyo, na mwalimu aliyekaa mwaka mzima akiwa mfano mwema, humtazama mtu anayelewa mbele ya watu, anayemtukana mkubwa, asiyejali kesho, nao hupumua. Huenda nyumbani wakiwa wepesi, wakalala, wakaamka salama. Mwimbaji haamki salama. Akipendwa hivyo anapendwa kama kafara, na kafara haithaminiwi ila kwa kuchinjwa kwake.

Hapa ndipo pendo la wasikilizaji hustahili kuhojiwa. Mlevi wa kawaida, asiye na sauti, huonywa na jamaa zake, husemwa msikitini au kanisani, na mwishowe pengine huachwa. Mlevi mwenye sauti hushangiliwa. Akipepesuka jukwaani, watu hupiga makofi. Akisahau maneno, humwimbia. Wema huo waweza kumwua mtu, maana humwondolea ile haya ndogo ambayo ingemrudisha nyumbani. Waswahili husema kipenda roho hula nyama mbichi. Methali yataja ulaji, wala haisemi habari ya yule aliwaye.

Wako watakaojibu kwamba bila ya moto ule nyimbo zisingekuwako, na kuwa aliyetaka nyimbo lazima akubali moto. Fikira hii imeenea sana, walakini maisha ya Fatuma binti Baraka wa Unguja, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude, huitia mashaka. Yeye alivuta sigara na kunywa pombe bila ya kificho katika mji wa Kiislamu, tena katika umri ambao ajuza wengine hutazamiwa kushika tasbihi. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 hapakuwa na cheti cha kuthibitisha umri wake, ingawa wengi waliamini kuwa umepita miaka mia. Aghalabu habari zake huanzwa kwa sigara. Lakini sigara huvutwa na maelfu wasioweza kuimba hata ubeti. Sauti ya Bi Kidude ilitoka penginepo. Ilitoka katika nyimbo alizozipokea kwa Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, na katika ngoma za unyago, ambamo wanawali hufunzwa mambo ya mwili na ya ndoa. Ilitoka katika miaka mingi ya kusikiliza, kukariri na kupiga. Aisifuye sigara huipokonya kazi ile heshima yake, akaipa moshi.

Ikiwa ni hivyo, basi kupenda sanaa si lazima kuwe ni kupenda maangamizi. Msikilizaji anaweza kuulizwa anapenda lipi kati ya hayo mawili, naye hana udhuru wa kukataa kujibu. Tena liko jaribio la kumpima. Na litazamwe siku mwimbaji anapoacha.

Remmy Ongala alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga katika bendi ya Makassy, kisha akawa kiongozi wa Super Matimila. Aliimba habari za maskini na za kifo, na santuri aliyoitoa mwaka 1989 Uingereza ilipewa jina la kuwataja maskini hao. Mwaka 1990 aliwahimiza wanaume watumie kondomu ili kujikinga na Ukimwi, katika wimbo ambao redio ya serikali haikukubali kuupiga. Watu walimwita Daktari, na hata leo iko sehemu ya Sinza iitwayo Kwa Remmy. Hakuna haja ya kumhesabu miongoni mwa walevi ili maisha yake yafundishe. Funzo limo katika mwisho wake. Katika miaka ya mwisho aliyaacha majumba ya dansi, akamgeukia Kristo, akaimba nyimbo za Injili hadi alipofariki tarehe 13 Desemba 2010.

Kwa wapenzi wake, kuacha kule kulikuwa mizani. Aliyempenda Remmy mwenyewe, awe Mkristo au Mwislamu au mtu asiye na dini, alikuwa na sababu ya kufurahi kwamba mtu yule amepata alichoona kuwa ni amani, hata kama nyimbo mpya hazikumchezesha. Aliyependa usiku aliopewa na Remmy alijiona ameibiwa. Wawili hawa walikaa meza moja kwa miaka mingi, wakiimba pamoja na kutokwa na jasho pamoja, wala hapakuwa na njia ya kuwatambua. Aliyewatenganisha ni mwimbaji, kwa kuondoka.

Kutokana na hayo yaweza kusemwa kuwa pendo la msikilizaji ni la kweli pale linapokuwa tayari kuupoteza wimbo ili mtu apone. Neno hili si jepesi. Nyimbo nzuri ni haba kuliko watu, na watu hufa wote, na nyimbo hubaki. Mtu mwenye akili anaweza kuuliza kama si halali kwamba mmoja ateketee ili maelfu wafarijike. Lakini aulizaye hivyo hujiweka daima miongoni mwa maelfu. Hajawahi kuuliza swali hilo akiwa amesimama mlangoni mwa mwimbaji saa nane za usiku, akimtazama mkewe.

Pingamizi moja lastahili jibu la adabu. Mwimbaji si mtoto, na kumwongoza mtu mzima ni kumvunjia heshima. Waliompenda MacGowan wangeweza kusema kwamba alichagua, na Bi Kidude angemcheka yeyote aliyethubutu kumnyang'anya sigara yake. Ni kweli. Msikilizaji hakupewa ulezi wa mtu. Walakini kuacha kumzuia mtu anayeingia motoni ni jambo moja, na kumletea kuni ni jambo jingine. Heshima kwa hiari ya mtu hailazimishi makofi kwa kila analolichagua. Wenzake wa The Pogues hawakumnyima MacGowan hiari yake mwaka 1991. Walikataa tu kuendelea kuwa kuni. Kisha miaka kumi baadaye walimkubali tena. Katika matendo hayo mawili, la kukataa na la kupokea, pendo lao laonekana zaidi kuliko katika kelele za umati uliomtaka jukwaani katika hali yoyote.

Kwa waliokwisha kufa deni hubadilika, halifutiki. Wafu hawawezi kuokolewa na ulevi. Wanaweza kusimuliwa kwa ukweli, udhaifu wao ukatajwa kuwa ni udhaifu, usigeuzwe pambo. Wanaweza pia kulipwa. Wapigaji wengi wa dansi katika Tanzania walitumia vyombo ambavyo si vyao, wakaishi kwa ujira wa mwenye vyombo, na kanda zao zikanakiliwa na kuuzwa na watu wasiojua hata kupiga kofi kwa mapigo yanayolingana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliwekwa ili jasho la namna hiyo lilindwe, lakini sheria haiwezi kufika kila lori na kila kibanda. Asemaye kuwa anampenda marehemu, naye hununua kwa furaha wimbo ulioibwa kwa watoto wake, amependa kwa mdomo.

Hapo ndipo ua wa Nanyala hufundisha zaidi ya majumba makubwa ya muziki. Jirani hana nafasi ya kujidanganya kwa muda mrefu. Anajua kata ya ngapi imenywewa, na anajua ndani ya nyumba ile mna unga au hamna. Akitaka kumtunza mpiga ngoma, yuko huru kuitia tuzo mkononi mwake uani, au kuipeleka kesho yake mchana, kibaba cha unga au fedha kidogo, kwa yule afunguaye mlango. Huenda ngoma ya jioni hiyo ikapungua ukali. Huenda mpiga ngoma mwenyewe akachukia, akasema ametendwa kama mtoto. Jirani atakuwa amejua gharama ya kumpenda, na atakuwa amelipa sehemu yake. Msikilizaji wa mbali hana mlango wa kupeleka unga. Alicho nacho ni namna ya kumsimulia mwimbaji na namna ya kumlipa, na katika hayo mawili ndimo itakamojulikana kama alimpenda mtu au alimla.