Bunduki Isiyopigwa Msasa

Ndugu msomaji, nianze kwa kuungama. Mimi kijana wa Mabawe, mwandishi ambaye riwaya yake ya kwanza bado imo kwenye madaftari manne, nimeipenda bunduki. Si bunduki ya polisi, wala zile za majambazi zilizofanya mabasi ya Ngara yasindikizwe na askari kwenye msitu wa Biharamulo tulipokuwa watoto. Niliyoipenda ni picha tu: Mauser ya mwaka 1871, ndani ya kitabu cha Kiingereza nilichokinunua kwa muuza vitabu vya mitumba jijini Mwanza. Hupakiwa risasi moja moja, nene, ya milimita 11, na mti wa kitako chake umeiva kama mpini wa jembe la kurithi.

Kitabu chenyewe kinahusu watu wa Ulaya na Marekani wanaokusanya bunduki za kijeshi za zamani. Jamaa hawa wana amri yao moja kubwa: bunduki ibaki katika hali yake ya asili. Namba iliyogongwa kwenye mtutu ifanane na namba za vipande vingine, hata vile vidogo. Mti usiguswe msasa wala usipakwe vanishi. Kovu la kwenye kitako liachwe lilivyo. Ukiing'arisha, bei inashuka. Nilicheka, maana sisi kitu kikizeeka tunakipaka rangi. Baadaye nikaona wana hoja, tena hoja nzito: anayepiga msasa anafuta ushahidi.

Lakini ushahidi wa nini? Hapo ndipo usingizi uliponiruka.

Bunduki ile haikuwa ya Wazungu peke yao. Vita Kuu ilipofika huku mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Wajerumani zilikuwa bado na Mauser hiyo ya 1871, nao askari walikuwa Waafrika, wazee wetu hawa hawa. Baruti yake ilikuwa nyeusi. Ukifyatua, wingu la moshi linapanda juu ya kichwa chako na adui anajua pa kulenga. Juni 1916 Wabelgiji waliingia Biharamulo, penye boma la Wajerumani ambalo mpaka leo limesimama. Wajerumani wakasukumwa kusini. Novemba 1917 walivuka Ruvuma, wakawapiga Wareno pale Ngomano na kunyakua silaha zao. Na walipojisalimisha mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn ambako leo ni Mbala nchini Zambia, karibu bunduki zote walizoweka chini zilikuwa za Kiingereza na za Kireno.

Sasa hebu niambie, asili ni ipi? Askari aliyeanza na Mauser akamaliza na bunduki ya Mreno, ya kwake ni ipi? Mkusanyaji anataka namba zifanane. Vita havifananishi namba. Mtu anafia mbele yako, unachukua ya kwake, unaendelea kutembea.

Nilimsomea shangazi aya niliyoiandika juu ya bunduki ile, aya niliyojivunia, na mti ulioiva na nini. Shangazi ndiye aliyenilea. Aprili 1994, siku Wanyarwanda kama robo milioni walipovuka Rusumo kwa muda wa saa 24, yeye alikuwa msichana, na aliona marundo ya mapanga yaliyoachwa mpakani. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono ikichambua maharage.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini mwanangu, hao wanaoziita za kale, zimewapita lini? Sisi huku hazijatupita."

Nikabishana naye, kijana ni kijana. Nikamwambia kuna tofauti kati ya silaha inayotembea usiku na silaha iliyolala kabatini. Mwaka 2016 Kenya ilichoma moto bunduki haramu zaidi ya 5,000 kule Ngong, na nadhani ilifanya vema. Lakini tukichoma zote, hata ile moja ya 1871, mjukuu wetu atajuaje uzito uliolala begani mwa babu yake? Mimi mwenyewe kibali cha silaha sina, na hela za kukusanya hata vijiko sina, kwa hiyo sitetei tumbo langu. Ninachotetea ni kovu la kwenye kitako. Bado nasema lisipigwe msasa.

Ila kuna kisa kilichonipunguzia kiburi, nacho husimuliwa sana na wanaoandika habari za vita hivyo. Mwaka 1964 Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa askari wale mishahara waliyokuwa wakidai tangu vita. Pale Mwanza wakajitokeza wazee wapatao 350. Wachache walikuwa na vyeti, wengine waliileta tu sare iliyochanikachanika, na wengi hawakuwa na chochote. Yule mtu wa benki akapata wazo. Akampa kila mzee ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani: silaha begani, silaha chini. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea.

Bwana, miaka 46! Meno yameisha, magoti yameisha, lakini amri ile ilikuwa imekaa mwilini bila kutu, kila kipande na namba yake. Ukitafuta hali ya asili, ilikuwa pale, imeshika ufagio. Na haikuwa nzuri kutazama, nadhani. Mzee wa miaka sabini anasimama wima kwa sauti ya karani ili apate haki yake.

Nilimsimulia shangazi jioni ile ile. Alicheka kwanza, ule ufagio ulimchekesha. Kisha akaacha kuchambua.

"Na waliobeba mizigo?" akauliza. "Wale wapagazi. Wao wangepewa nini washike?"

Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari. Pale Abercorn kwenyewe, askari waliojisalimisha walikuwa 1,168, na wapagazi maelfu matatu na zaidi. Upande wa Waingereza jeshi lao la wabebaji ndilo lililoiachia Dar es Salaam jina la Kariakoo. Walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na kuhara, na hakuna kabati popote lenye mzigo wa mpagazi katika hali yake ya asili.

Aya ya bunduki sijaifuta. Nimeisogeza sura ya tano. Sura ya kwanza sasa inaanza na mtu mwenye kata ya majani kichwani, na kinachombana shingo ni sanduku la risasi za watu wengine.