Swali la Kijana Kuhusu Marko 16



Majuzi nilikuwa nafundisha vijana kuhusu ishara zinazofuatana na waaminio, Marko 16. Kijana mmoja akainua simu yake akasema, "Pasta, hapa chini wameandika ati mstari wa 9 hadi 20 haumo kwa nakala za zamani zaidi. Ni ukweli?"

Jibu nilikuwa nalo. Lakini nikamwambia, "Ndugu yangu, wewe amini tu. Hayo ni mambo ya wasomi." Darasa likanyamaza. Nilirudi nyumbani nikiwa na mzigo moyoni: nilikuwa nimeitetea Biblia kwa kuficha kitu.

Ukweli ni huu. Nakala mbili za Kigiriki za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, zinaimaliza Marko kwenye mstari wa 8. Nakala nyingi za baadaye zina ile mistari 12.

Je, msingi umebomoka? Mimi nilisomea biashara. Mkaguzi wa hesabu akipewa nakala moja tu ya risiti, hawezi kujua kama kuna mtu aliigusa. Akipewa nyingi kutoka matawi tofauti, kosa linajitokeza lenyewe. Agano Jipya lina nakala za Kigiriki zaidi ya 5,000, zingine vipande tu. Tofauti tunaziona kwa sababu nakala ni nyingi, na sehemu kubwa ya tofauti hizo ni za herufi na mpangilio wa maneno.

Na tumepoteza nini? Kaburi tupu liko mstari wa 6. Kunena kwa lugha kuko Matendo 2 na 1 Wakorintho 12 hadi 14. Paulo anawekea mgonjwa mikono katika Matendo 28. Lakini kule Marekani, milima ya Appalachia, kuna wahubiri waliokufa wakishika nyoka ibadani kwa ajili ya mstari wa 18. Kwa hivyo si mambo ya wasomi peke yao. Mchungaji akinyamaza, mtu anaweza kuumia.

Niseme pia mpaka wa hoja yangu. Wingi wa nakala hauthibitishi kwamba Yesu alifufuka. Unaonyesha tu kwamba tunachosoma ni kile kilichoandikwa. Kuwaamini mashahidi ni hatua nyingine, na hapo ndipo Paulo, katika 1 Wakorintho 15, anataja waliomwona, wengi wao wakiwa bado hai wakati huo. Ni kama anasema: nendeni mkawaulize.

Mtu anayekaribisha maswali hivyo haogopi ukaguzi. Mimi ndiye niliyeogopa.

Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya vijana wale wale, nikaomba msamaha, nikaeleza yote. Yule kijana akauliza swali lingine, gumu kuliko la kwanza. Nikamjibu, "Hilo sijui. Nipe wiki moja."

Mzazi, mwalimu wa Sunday school, mtoto akikuuliza, usimfunge mdomo. Fungua Biblia, mtafute pamoja.