Kuhesabiwa na Kutajwa

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni ya sokoni na dukani. Ilizaliwa mahali ambapo watu hukopeshana, huwekeana rehani na kudaiana. Wahenga hao hawakusema kwamba watu bila daftari hupotea bila habari, na yamkini hawakusahau kusema. Kwao mtu alihifadhiwa kwa njia nyingine: kwa jina la babu alilopewa mjukuu, kwa kaburi lililojulikana lilipo, kwa ugomvi wa mirathi uliowalazimisha wazee kukaa barazani na kutaja nani alizaliwa na nani. Daftari lilikuwa la mali. Nasaba ilikaa vinywani mwa watu.

Leo mambo yamegeuka. Mjukuu anayetaka kujua asili yake haendi barazani, kwa kuwa wazee wa baraza wamekwisha kufa. Anakwenda kwenye hifadhi ya nyaraka, kwenye magazeti yaliyogeuka rangi, kwenye vitabu vya sensa. Mjukuu huyo akiwa ni wa ukoo wa wakulima, anakutana na swali ambalo si la kihistoria tu bali ni la kimaadili: je, aliyehesabiwa ndiye aliyejulikana? Na kama babu hakutaka kuandikwa, mjukuu ana haki gani ya kumtafuta katika maandishi?

Hakuna mahali panapolikaza swali hili kuliko Mpanda na nchi yote inayoitwa leo Mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania. Hiyo ni nchi ya Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, nchi ya misitu ya miombo, ambako mkulima wa zamani alifyeka, akalima misimu michache, kisha akaiacha ardhi ipumzike na kuhamia mbele. Jina la mkoa lenyewe limetokana na Katabi, mzimu ambaye Wabende humheshimu. Mzimu huyo amepata ziwa, mbuga ya taifa tangu 1974, na mkoa tangu 2012. Mkulima aliyempelekea sadaka hajapata hata mstari mmoja.

Chukulia ukoo mmoja ambao haukuondoka katika nchi hiyo kwa vizazi vitatu. Anayeutafuta katika vitabu vya sensa za 1948 na 1957 atafungua kurasa za Jimbo la Magharibi. Katika sensa ya 1967, ya kwanza baada ya uhuru, atafungua Mkoa wa Tabora. Mwaka 1974 Mpanda ilitolewa Tabora na kuunganishwa na Sumbawanga kuwa Mkoa wa Rukwa. Basi sensa za 1978, 1988 na 2002 zinamtaka aende Rukwa. Kuanzia 2012 ataukuta Katavi. Jembe halikutoka shambani, lakini kwa mujibu wa vitabu ukoo umeishi mikoa mitatu na jimbo moja. Kumbe hata kabla ya kuuliza watu walikuwa nani, karatasi inamtaka mtu aulize mwenye karatasi alikuwa nani, na alichora mipaka kwa ajili ya nini.

Jawabu la swali hilo ni chungu. Hesabu za mwanzo hazikufanywa ili watu wajulikane. Zilifanywa ili walipe. Serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza waliofuata wakaiendeleza pamoja na kodi ya kichwa. Hesabu za 1921 na 1931 zilitegemea sana madaftari ya kodi na maneno ya majumbe. Pale kodi ilipodaiwa kwa kila nyumba, mume wa wake wawili aliona nafuu kuwaweka chini ya paa moja. Daftari likaandika nyumba moja. Kijana aliyesikia karani anakuja aliingia msituni. Daftari likaandika kwamba hayupo. Jumbe aliyeogopa kudaiwa zaidi mwakani alipunguza idadi. Na mwanamke aliyelima shamba hilo tangu alfajiri hakuandikwa kwa jina lake, maana mlipaji alikuwa mumewe. Yeye alikuwa sehemu ya nyumba.

Katika miaka ya 1920 ukaja ugonjwa wa malale. Ili kuwaepusha watu na mbung'o, serikali iliwakusanya wakazi wa misitu ya magharibi katika makazi ya pamoja, wakaacha mahame yao na makaburi yao. Kwa tabibu wa wakati ule hilo lilikuwa jambo la kuokoa maisha, na maisha yaliokolewa kweli. Kwa karani lilikuwa jambo la kurahisisha hesabu. Kwa mwenye kaburi lililoachwa msituni lilikuwa jambo lingine kabisa, na hilo la tatu halikupewa safu katika daftari. Nusu karne baadaye, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha watu tena, na sensa ya 1978 ikawakuta wamepangwa kwa vijiji na kwa nyumba kumi kumi.

Ama magazeti, yana kosa la namna nyingine. Gazeti halihesabu, gazeti huchagua. Katika miaka ya 1940 na 1950 Mpanda ilipata sifa kwa sababu ya madini ya risasi yaliyochimbwa Uruwira, na kwa sababu ya reli iliyotandazwa kutoka Kaliua ili kuyabeba. Bonde la Rukwa nalo lilipata sifa kwa nzige wekundu waliozaliana humo, hata mwaka 1949 ikaundwa idara ya kimataifa ya kuwadhibiti, yenye makao yake Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala, nchini Zambia. Madini yana tani, reli ina maili, nzige wana makundi. Vyote ni habari. Mtu aliyepanda mahindi na karanga, mvua ikanyesha, akavuna, akala na wanawe, si habari. Mkulima huingia gazetini ameliwa na simba, ameshitakiwa, au amezaa mtoto mashuhuri. Mizengo Pinda alizaliwa katika nchi hiyo mwaka 1948, mwaka uleule wa sensa, na alipokuwa Waziri Mkuu kati ya 2008 na 2015 alijiita mtoto wa mkulima, na magazeti yakalirudia jina hilo kila siku. Mtoto alitajwa. Mkulima alibaki kuwa sifa ya mtoto.

Hata hivyo gazeti la zamani lilikuwa na mlango mmoja wa nyuma, na wapenzi wa ushairi wanaujua. Mambo Leo, lililoanza kutolewa na idara ya elimu huko Dar es Salaam mwaka 1923, lilipokea barua na mashairi kutoka kila upande. Mtunzi aliandika jina lake na mji wake. Akauliza fumbo, akajibiwa na asiyemfahamu. Karani wa stesheni, mwalimu wa shule ya kijijini, mtoto wa mkulima aliyejifunza kusoma misheni, wote waliweza kuingia kwa mlango huo bila kuliwa na simba. Tofauti yake na daftari la kodi si ndogo. Katika daftari mtu aliandikwa na mwingine, kwa haja ya mwingine. Katika shairi aliandika mwenyewe, akajitaja mwenyewe, akachagua ajulikane kwa lipi.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Kituo hicho kilijengwa na Wabelgiji mwaka 1879, kikakabidhiwa kwa mapadri wa White Fathers mwaka 1885. Vitabu vya ubatizo vya misheni za Kikatoliki vina fadhila moja inayokosekana katika madaftari ya kodi: humtaja mama. Lakini mtu wa Karema aliyejulikana kuliko wote ni Adrian Atiman, aliyezaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa utotoni na kuuzwa, akakombolewa na mapadri, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Anajulikana si kwa kuwa alihesabiwa, bali kwa kuwa alisimulia: maelezo yake kuhusu maisha yake yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Yumkini hakuwa peke yake Karema aliyewahi kuuzwa. Wangapi wengine waliokombolewa walinyamaza, wakalima, wakaoa, wakachukua ukoo wa waliowapokea, wakawaacha wajukuu wao waamini kwamba wamekuwapo pale tangu zamani?

Hapa ndipo swali la maadili linapokuwa zito. Kuna methali isemayo mwacha asili ni mtumwa. Lakini kuna watu waliouacha utumwa kwa kuiacha asili. Watu wa visiwani hawahitaji kwenda Katavi kuliona hilo. Katika hesabu za Zanzibar za 1924, 1931 na 1948, watu walioandikwa kuwa Waswahili walipungua kutoka maelfu mengi hadi wachache mno. Hawakufa, wala hawakuhama. Walijiandikisha kwa majina mengine, kwa kuwa jina lile lilikuwa limeanza kunuka utumwa na kuwanyima haki. Msomaji wa leo akisema kwamba walidanganya, ameliamini daftari kuliko mtu. Akisema kwamba walisema kweli tupu, ameiamini haja yake mwenyewe. Lililo karibu na haki ni kusema kwamba walijitaja, kwa mara ya kwanza, wao wenyewe.

Kwa hiyo kimya cha karatasi si kitu kimoja. Kipo kimya cha dhuluma: mwanamke aliyefichwa ndani ya neno nyumba, na kaburi lililobaki msituni. Na kipo kimya cha hiari: kijana aliyeingia porini asiandikwe, na mzee aliyekataa kusema alitoka wapi. Kimya cha kwanza ni deni, na mjukuu anapaswa kulilipa kwa kutafuta na kuandika. Kimya cha pili ni amana. Mjukuu anaweza kujua kwamba kipo, anaweza hata kukieleza, lakini hana ruhusa ya kukijaza kwa kubuni, wala kukitangaza kama aliyefukua kaburi. Ugumu ni kwamba karatasi haisemi kimya kipi ni kipi.

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya wafu peke yao. Katika mkoa huohuo yapo makazi ya Katumba, yaliyoanzishwa mwaka 1973, na Mishamo, yaliyofuata mwishoni mwa muongo huo, kwa ajili ya waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Wamelima humo mahindi na tumbaku kwa vizazi. Mwaka 2010 zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu walitangazwa kuwa wamekubaliwa uraia, lakini vyeti vyao vilichelewa hadi 2014. Kwa miaka minne walikuwa raia katika tangazo na wageni mkononi. Mtu wa namna hiyo hana anasa ya kusema kwamba daftari ni la mwenye nguvu na yeye halitaki. Shamba lake, shule ya mwanawe na kura yake vimo katika karatasi. Babu mmoja alilikimbia daftari ili awe huru. Baba mwingine alililia daftari ili awe huru. Wote wawili walikuwa sahihi.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,152,958 Katavi, ikiwa ni zaidi ya maradufu ya 564,604 wa 2012. Karani alikuja na kishikwambi, akauliza majina, na sheria ikayafunga majina hayo yasitolewe. Uingereza hufungua karatasi za sensa baada ya miaka 100, na Marekani baada ya miaka 72. Ndiyo maana wajukuu wa huko wanaweza kumkuta mkulima wao kwa jina, pamoja na wanawe na kazi yake. Kinachobaki wazi Katavi ni jumla, na jumla haina mjukuu. Usiri huo una hekima yake, hasa kwa watu waliowahi kuhesabiwa ili watozwe. Lakini ukishalindwa, kazi ya kutaja inamrudia mwenye nyumba.

Kazi hiyo haihitaji hifadhi ya taifa. Daftari la shule la kurasa 80 linatosha: nani alifyeka shamba hili, alitoka wapi, mama yake aliitwa nani, nani alizikwa wapi, nani alihamishwa na mwaka gani. Watunzi wa tenzi walikuwa na desturi ya kumalizia kwa hesabu ya beti na mwaka wa kutunga. Mwana Kupona alifanya hivyo katika utenzi aliomtungia bintiye mwaka 1858. Alihesabu kazi yake mwenyewe kabla hajahesabiwa na mtu. Ukoo wa mkulima unaweza kufanya vivyo hivyo, na pale mzee anapoinama na kusema hilo tusiliandike, mwandishi aache mstari mtupu, apige kituo, aendelee na jina linalofuata.