Damu na Mbio

Kila ufikapo msimu wa riadha, husikika katika shule zetu za Ruiru neno lisemwalo kwa mzaha na kusadikiwa kwa dhati: ya kuwa mbio ndefu ni za Wakalenjin, na mtoto wa Gitothua mwenye jina la Kikuyu au la Kikamba aende akacheze kandanda. Yafaa tulipime neno hili, maana ndilo huamua nani aitwe uwanjani na nani aachwe kando.

Si uongo mtupu. Wengi wa mabingwa wetu ni Wakalenjin, na hapana ubishi kwamba mwili hurithiwa. Asemaye kuwa watoto wote huzaliwa na mapafu sawa anawabembeleza tu.

Walakini tazama jeni moja iitwayo ACTN3. Kazi yake ni kutengeneza protini inayoipa misuli nguvu za mwendo wa ghafula. Aliyerithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama pia hukosa protini hiyo, na watu wa namna hiyo ni nadra miongoni mwa mabingwa wa mbio fupi. Huko Ulaya wako kama 18 katika kila 100; Kenya ni kama mmoja tu. Kama jeni hiyo ingekuwa hakimu, sisi tungalisifika kwa mita 100! Kumbe sifa yetu ni marathoni, na hata Ferdinand Omanyala akimbie kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi, ilikuwa mwaka 2021. Jeni zihusikazo na mbio ni nyingi, kila moja na mchango wake mdogo, nazo huchanganyika na chakula, mazoezi na mwinuko wa nchi.

Catherine Ndereba, Mkikuyu wa Nyeri na askari wa magereza, alishinda marathoni ya Boston mara nne, akawa bingwa wa dunia mwaka 2003 na 2007. Samuel Wanjiru wa Nyahururu alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Beijing mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 21. Kwa kanuni ile ya uwanjani, wote wawili wasingaliitwa.

Wako sasa wauzao vipimo vya mate kwa wazazi wenye haraka. Mwaka 2015 wataalamu wa mataifa mbalimbali walitamka kwamba vipimo hivyo havifai kuchagulia watoto vipaji. Mwalimu asomaye orodha ya majina ya darasa hufanya kosa lile lile, ila yeye halipishi.

Tena kanuni hiyo humdhulumu hata Mkalenjin. Mwaka 1968 mjini Mexico, Kipchoge Keino aliugua nyongo, na madaktari wakamshauri asikimbie. Akakimbia mita 1500, akamwacha mbali Jim Ryun wa Marekani. Asemaye kwamba ile ilikuwa damu tu, amempokonya Keino kila alichokitenda siku ile.