Je, Kukagua Nyumba ya Wazee ni Kupelelezana?



Ndugu na dada zangu, wapo miongoni mwetu wanaotamani tufungue nyumba ndogo ya wazee hapa Kanyosha, kwa ajili ya wajane na wasio na watoto. Nia ni njema. Lakini kikitajwa kibali na wakaguzi, jibu huwa: "Sisi tunafanya kwa ajili ya Allah, mkaguzi wa nini? Qur'ani imekataza kupelelezana." Hoja hiyo si ya kupuuzwa.

Katazo lipo katika Surat al-Hujurat, aya ya 12. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alipoandika juu ya muhtasib, yaani msimamizi wa masoko na mizani, alisema hana haki ya kuchimbua yaliyofichika majumbani. Ila aliweka mpaka: mtu mwaminifu akimletea habari ya madhara yasiyorekebishika, kama mauaji, anaruhusiwa kuchunguza.

Utasema: basi mkaguzi asubiri habari. Lakini nani ataileta? Sokoni, mteja aliyepunjwa kesho huenda kwa muuzaji mwingine. Bibi aliyelala kitandani haendi popote, na anayetaka kumlalamikia ndiye anayempa uji. Tena nyumba inayopokea sadaka au ada za watu imekaribia kuwa kama soko, na sokoni muhtasib hupita bila kusubiri malalamiko. Stara ya nyumba imewekwa imlinde anayeishi ndani. Tukiitumia kumzuia mkaguzi, tunamvua bibi stara yake na kujifunika sisi tulioshika funguo.

Na madhara yenyewe hayarudi nyuma. Dawa ya presha ikikosewa, jiko la makaa likiachwa linawaka chumbani, au umeme ukikatika na mshumaa ukaanguka hali mlango umefungwa kwa kufuli nje, toba yetu haitamrudisha mtu. Mkaguzi huuliza mambo ya namna hiyo: Usiku analala nani na wazee? Mlango unafunguka kwa ndani? Ukuta uko mbali kiasi gani na ukingo wa mto Kanyosha, unaomomonyoka msimu wa mvua?

Mwaka 2022 mwandishi Victor Castanet alichapisha kitabu kilichodai kwamba katika nyumba za wazee za kampuni ya Orpea nchini Ufaransa, chakula na nepi vilikuwa vikipimwa ili kubana matumizi. Serikali ikaahidi kukagua nyumba zote za wazee, takribani 7,500, ndani ya miaka miwili. Mtu atasema wale walitafuta faida, sisi tunatafuta thawabu. Sawa. Lakini mfanyakazi mmoja akiachiwa wazee kumi usiku kucha, atachoka tu, awe analipwa na kampuni au na sadaka. Ikhlasi yetu anaijua Allah. Mkaguzi anaangalia kufuli.

Hofu moja naikubali. Nyumba ya wazee watano ikidaiwa masharti ya hospitali, itafungwa, na wazee watarudi kuomba barabarani. Kwa hiyo tudai kwanza yale yanayookoa roho: mlango, moto, dawa, maji, mtu wa usiku. Mengine yapewe muda.

Kabla ya kuchangisha hata faranga moja, tuandike sharti hili: mkaguzi aje bila taarifa, azungumze na wazee sisi tukiwa nje. Asiyeweza kulikubali, bora asaidie wazee majumbani mwao.

Wallahu a'lam.