Mwanangu, Itikia Wito wa Mahakama

Wanangu mnaoishi Marekani, hasa ninyi mliopata leseni kabla hata ya kuizoea baridi, nina neno nataka mlisikie mapema. Siku askari wa jimbo ambalo si lenu atakapokusimamisha barabarani na kukupa karatasi yenye tarehe ya kufika mahakamani, usiikunje ukaitia kwenye droo ya gari. Karatasi hiyo haikudai fedha kwanza. Inakutaka wewe mwenyewe. Na mahakama iliyokuita haitakusahau kwa kuwa unaishi mbali.

Nasema haya kwa sababu naona mnavyosafiri. Harusi iko Raleigh, msiba uko Columbus, ubatizo uko Dallas, na gari moja linabeba watu watano usiku kucha kwa kuwa Jumatatu kila mtu ana zamu. Wengine ni madereva wa malori, wiki nzima wanakatiza majimbo. Mpaka wa jimbo mnauvuka bila kizuizi na bila kuulizwa hati, kwa hiyo mnadhani nchi ni moja na sheria ya barabarani ni moja. Nchi ni moja, lakini sheria ya barabarani kila jimbo lina yake.

Tazameni mfano huu. Huko Texas, kipande cha barabara namba 130 kati ya Austin na San Antonio kinaruhusu mwendo wa maili 85 kwa saa. Anayekwenda 85 pale hana kosa. Virginia, kikomo cha juu kabisa ni maili 70, yaani kama kilomita 113. Na sheria ya jimbo hilo inasema kwamba ukizidi maili 85 popote pale, au ukipita kikomo kwa maili 20 na zaidi, hilo si kosa dogo la barabarani tena. Ni kuendesha bila kujali usalama wa watu, na ni jinai. Anayekwenda 86 mahali palipoandikwa 70 amezidisha maili 16 tu, na bado ni mshtakiwa wa jinai. Mpaka katikati ya mwaka 2020 mstari huo ulikuwa maili 80, kwa hiyo hapo ulipo umeshalegezwa. Adhabu ya juu ni kifungo cha miezi 12 na faini ya dola 2,500, na hakimu anaweza kukuzuia kuendesha gari jimboni humo hadi miezi sita. Sisemi kwamba kila anayekamatwa hufungwa; wengi wanaokosa mara ya kwanza hawafungwi. Nasema kosa lenye adhabu ya namna hiyo halimalizwi kwa kulinyamazia.

Pale barabarani, kaa ndani ya gari, mikono ionekane, jibu kwa adabu. Askari akikupa karatasi utie saini, tia. Kwa sheria ya Virginia saini hiyo si kukiri kosa; ni ahadi kwamba utafika. Usibishane kuhusu kasi yako, wala usianze kujieleza kwa urefu kwamba ulikuwa unawahi msiba, maana maneno hayo ataweza kuyarudia mbele ya hakimu. Na hili nalitamka waziwazi kwa kuwa kimya chetu wazee kinaweza kuwaponza: usithubutu kumpa askari pesa, wala kumtania kuhusu pesa. Mambo ya kumalizana barabarani yaacheni kabisa. Ulikuwa na kosa la mwendo. Ukitoa noti utakuwa na kosa la rushwa, na hilo la pili ndilo litakalokufunga.

Najua mazoea tuliyotoka nayo. Tanzania trafiki anakuandikia faini, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, na safari inaendelea. Kwa hiyo kijana akipata karatasi Marekani, wazo la kwanza ni kutafuta mahali pa kulipa ili yaishe. Kwa makosa madogo njia hiyo ipo, lakini ujue unachokifanya: kulipa ni kukiri. Hukumu inaingia kwenye kumbukumbu zako za udereva, na kampuni ya bima inaweza kuiona. Karatasi inayokutaka ufike haina hata njia hiyo. Hakuna kiasi cha kulipa, kwa sababu hakimu bado hajaamua lolote. Basi ukipokea ujumbe kwenye simu unaosema una faini ya barabarani, ubonyeze hapa ulipe leo la sivyo leseni itafutwa, usibonyeze. Ni wezi. Namba ya mahakama imo kwenye karatasi uliyokabidhiwa mkononi; piga hiyo.

Wanaoumia zaidi, kwa ninavyoona, ni wale wanaonyamaza. Kijana anaendesha gari la baba, yumo kwenye bima ya baba, anaogopa kusema. Anajiambia kwamba yeye ni mtu wa Maryland, Virginia watamtafutia wapi? Hawahitaji kumtafuta. Asipofika, hakimu anaweza kusikiliza kesi bila yeye na kumtia hatiani, au kutoa hati ya kumkamata, na kutofika kwenyewe kunaweza kuwa kosa jingine. Majimbo karibu yote yamefungana kwa mikataba ya kupashana habari za madereva. Mmoja ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwingine wa kuwabana wageni wasioitikia wito ukafuata miaka ya 1970. Leseni yake inaweza kusimamishwa na jimbo lake mwenyewe. Barua ya kumwarifu inatumwa kwenye anwani ya leseni, na anwani hiyo ni ya nyumba aliyokwisha kuhama. Anaendelea kuendesha bila kujua, mpaka usiku mmoja anasimamishwa kwa taa iliyoungua, na askari anaona kwenye kompyuta yake hati ya kukamatwa na leseni iliyosimamishwa. Mficha maradhi kilio humfichua.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusoma. Soma karatasi nzima siku hiyo hiyo, mbele na nyuma: kosa, kifungu cha sheria, jina la mahakama, mji au kaunti, tarehe, saa. Tafuta mahali palipoandikwa kama ni lazima ufike. Usipoelewa, piga simu kwa karani wa mahakama. Karani hatakupa ushauri wa kisheria, lakini atakujibu maswali ya msingi: je, ni lazima nifike mwenyewe, au wakili anaweza kufika kwa niaba yangu? Tarehe inaweza kusogezwa? Ombi linaandikwaje, na mwisho wake lini? Mahakama hazifanani katika mambo haya hata ndani ya jimbo moja, ndiyo maana jibu la rafiki yako aliyekuwa na kesi Georgia halikufai wewe mwenye kesi Virginia. Jina la kila uliyezungumza naye liandike. Na kama umehama, badilisha anwani kwenye leseni yako. Asiye raia ana wajibu zaidi: sheria inamtaka aiarifu Idara ya Uhamiaji ndani ya siku 10 za kuhama.

Kazi ya pili ni wakili, na hapa wengi wanakosea kwa kumtafuta karibu na nyumbani. Wakili wa Ohio hawezi hivi hivi kusimama katika mahakama ya Virginia. Unamhitaji mwenye leseni ya jimbo la kesi, na heri anayeingia mahakama ile ile mara kwa mara, kwa kuwa anamjua hakimu na anajua nini kinakubalika pale. Kwa makosa kadhaa anaweza kusimama badala yako, na ada yake pengine ikawa nafuu kuliko mafuta, hoteli na zamu mbili za kazi utakazokosa. Anaweza kuomba kosa lishushwe. Virginia kuna kosa dogo la uendeshaji usiofaa ambalo si jinai na faini yake haizidi dola 500. Atakuambia uje na kumbukumbu safi za udereva kutoka jimbo lako, pengine cheti cha kupima kipimo cha mwendo cha gari, pengine umalize darasa la udereva kabla ya siku yenyewe. Usiyeweza kumlipa wakili, na kosa linaweza kukupeleka jela, mwambie hakimu mapema. Kuna utaratibu wa kuomba wakili wa kukutetea anayelipwa na serikali. Yule ndugu wa mtaani anayewajazia watu fomu, hata awe mwema namna gani, si wakili.

Ninyi wa malori, sikilizeni kwa masikio mawili. Mwenye CDL, yaani leseni ya kuendesha magari ya kibiashara, akiwa kwenye lori na kuzidisha mwendo kwa maili 15 au zaidi, kanuni ya shirikisho inalihesabu hilo kuwa kosa zito. Hukumu mbili za namna hiyo ndani ya miaka mitatu ni siku 60 bila kuendesha lori. Tatu ni siku 120. Nyumba ina kodi, watoto wana shule, na wewe umekaa siku 60. Tena una siku 30 baada ya hukumu kumwarifu mwajiri wako kwa maandishi, hata kama ulikuwa kwenye gari lako dogo. Na yale mnayoambiwa na wenzenu wa magari madogo, kwamba unakwenda darasani na kosa linafutwa, hayawahusu: sheria hiyo hiyo inayakataza majimbo kuificha hukumu ya mwenye CDL. Ninyi kupigania kesi kabla ya hukumu ndiko kulikobaki.

Asiye raia na amwambie wakili wake hivyo katika mazungumzo ya kwanza. Tangu kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, mwaka 2010, Mahakama ya Juu ya Marekani inamtaka wakili wa jinai amweleze mteja wake kama kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Mwendo peke yake kwa kawaida haufiki huko, lakini karatasi yenye pombe au dawa za kulevya ni habari nyingine, usiikiri kabla ya kumsikia mwanasheria wa uhamiaji. Nakala ya uamuzi wa hakimu itunze pamoja na pasipoti. Fomu ya kuomba uraia, N-400, itakuuliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa, na jibu la kweli lenye karatasi mkononi ni bora kuliko la kuficha.

Siku ya mahakama ukiamua kwenda, lala karibu, fika kabla ya saa iliyoandikwa. Vaa kama unayekwenda kuposa. Baadhi ya majengo ya mahakama Virginia hayaruhusu kuingia na simu, kwa hiyo chapisha picha na hati zako zote. Kama Kiingereza chako hakitoshi, omba mkalimani mapema, na ueleze ni Kiswahili cha wapi, maana kijana wa Bukavu na mkalimani wa Mombasa wanaweza kupotezana kwenye neno moja linalobeba kesi. Usimtumie mdogo wako. Ukiulizwa jambo usilolielewa, usiseme ndiyo kwa heshima. Sema hujaelewa, hakuna hakimu atakayekuadhibu kwa hilo. Ukitiwa hatiani usikate tamaa hapo mlangoni: katika mahakama za wilaya za Virginia una siku 10 za kukata rufaa, na kesi inasikilizwa upya tangu mwanzo.

Mwenye karatasi ya namna hii leo, asome tarehe usiku huu, na kesho ofisi zikifunguliwa ampigie karani. Ukiona vigumu kumwambia baba, njoo kwetu wazee tukusindikize kwake, kisha tukae pamoja tumtafute wakili.