Kususa: Jeraha au Dhambi?



Leo tutafakari neno moja la nyumbani: kususa. Mtoto akigombezwa mbele ya wageni, anasukuma sahani na kusema hali. Njaa anayo, na chakula anakitaka. Lakini heshima yake imeumia, na anataka aliyemwumiza aone. Wengine husema kuzira. Mwenye hasira hupiga kelele, anayesusa hunyamaza. Mwenye kinyongo hukificha moyoni; anayesusa anataka aonekane, tena anangoja abembelezwe. Hapa Juba, kwa Kiarabu chetu cha mtaani, tunasema mtu ni “zalan”: hasira na huzuni kwa pamoja.

Kususia ni jambo jingine. Chama cha CUF kilisusia uchaguzi wa marudio wa Zanzibar wa Machi 2016, baada ya ule wa Oktoba 2015 kufutwa. Anayesusia hutaja sababu yake waziwazi. Anayesusa hasemi kitu, anataka tukisie.

Je, kususa ni dhambi? Tutazame watu watatu katika Biblia. Mfalme Ahabu alinyimwa shamba la Nabothi, akajilaza kitandani asile. Mwisho wake Nabothi akauawa (1 Wafalme 21). Naamani aliona amedharauliwa kwa sababu nabii hakutoka kumlaki, akageuka aende zake na ukoma wake; watumishi wakamsihi, akashuka Yordani, akapona (2 Wafalme 5). Kaka wa mwana mpotevu alisusa karamu, akabaki nje. Baba yake mwenyewe akatoka kumsihi (Luka 15).

Baba yule hakumkemea mwanawe kwa kuumia. Kuumia si dhambi. Swali ni hili: nani analipa gharama ya kususa kwetu? Kwa Ahabu, alilipa Nabothi.

Sisi tuliokimbia makwetu tumeacha nyumba, mashamba na vyeo. Aliyekuwa mwalimu leo anaitwa kwa namba. Heshima ndiyo mali iliyobaki, ndiyo maana inaumia upesi. Baba akitupiwa neno la dharau kwenye foleni ya mgao, anarudi mikono mitupu na kuapa kwamba hatakwenda tena. Aliyemdharau jioni anakula na kushiba; wanaolala njaa ni watoto wake. Wahenga walisema: ukisusa, wenzio wala.

Ndugu yangu, dharau hiyo usiimeze. Mchukue mzee mmoja, rudini mkaseme wazi lililokuumiza. Lakini posho ya watoto usiiache.

Nasi tulio ndani tusiseme, “Mwache, anasusa tu.” Mama aliyeacha kwaya kwa sababu jina lake halikusomwa anangoja hodi mlangoni. Aprili 2019, huko Vatikani, Papa Fransisko, mzee wa miaka 82, alipiga magoti akabusu miguu ya viongozi wa nchi hii, Rais Salva Kiir na Riek Machar wakiwemo. Yeye hakuwa amemkosea yeyote kati yao, lakini ndiye aliyeshuka.

Basi kila nyumba ijiulize wiki hii: nani kwetu amesusa, na nani atatoka nje kumsihi?